Fundi Asiyekuwapo

Miongoni mwa kazi ambazo sifa zake huenea upesi kuliko habari zake ni hii ya kuifanya mitambo ya viwanda ijiendeshe yenyewe. Maana mtu akishatajwa tu kuwa ni fundi wa kazi hiyo, na fauka ya hayo akawa yuko Ujerumani, basi kila baraza ya mtaa humvika joho la ilimu ambalo mwenyewe hakulikata wala hakulishona. Mama yangu, aliyeko Ngamiani, Tanga, amewaarifu majirani kwamba mwanawe anaunda watu wa chuma. Mjomba wangu, ambaye hana desturi ya kutia chumvi ila pale anapoona imepungua, amewazidishia kuwa watu hao husema Kijerumani. Na binamu yangu mmoja aliniletea ujumbe wa adabu kubwa, wenye salamu ndefu na dua, akiniomba nimtafutie mmoja, hata akiwa wa mtumba, awe akimfulia nguo na kumtekea maji, kwa sharti moja tu kwamba asiwe mlaji. Ujumbe ule ulinifikia hali nimepiga magoti chini ya mkanda wa kuchukulia makreti ya mikate, kitambaa mkononi, nalipangusa vumbi la unga jicho moja dogo la mtambo, lisilozidi ukubwa wa kiberiti, ambalo kwa kuzibwa kwake lilikuwa limekisimamisha kiwanda kizima pamoja na mabingwa wake, hesabu zake, na malori yake yaliyokuwa yakingoja mlangoni.

Hiyo, kwa insafu, ndiyo sehemu kubwa ya kazi yangu. Sikatai kwamba roboti zipo. Katika kiwanda chetu upo mkono mmoja wa chuma, wenye viungo sita, unaopanga makreti juu ya paleti za mbao kwa ustadi ambao hapana mpagazi wa bandarini angeuweza. Lakini mkono huo, mkate mmoja ukidondoka mahali pasipotarajiwa, hushikwa na fazaa, ukasimama umenyooka hewani, ukapiga king'ora, na mtu akaamshwa kitandani saa nane za usiku, akapita juu ya theluji kwa baiskeli, akafika, akainama, akauokota mkate. Nimekwisha kuyakini kwamba kitu kinachojiendesha chenyewe ndicho kinachohitaji watumishi wengi kuliko vyote: chahitaji wa kukipangusa, wa kukipaka mafuta, wa kukibembeleza usiku, na wa kukitolea udhuru mbele ya wakubwa asubuhi.

Wakati wa mambo nitakayoyasimulia cheo changu kilikuwa mwanagenzi. Wajerumani wana kaida ya tangu zamani ya kumfunza kijana kazi kwa kuligawa juma lake mafungu mawili, siku nyingine awe kiwandani na siku nyingine awe shuleni, mpaka apate cheti mbele ya watahini. Na tangu 1998 wameitambua rasmi kazi moja inayochanganya umakanika, umeme na kompyuta, yenye mafunzo ya miaka mitatu na nusu, ambayo ndiyo niliyoitilia sahihi mkataba. Nilikuwa nimetoka Tanga na elimu ya ufundi wa umeme ambayo sikuionea haya, na Kijerumani cha darasani, chenye sarufi iliyonyooka, nikakikuta kiwandani kikisemwa na watu ambao nusu ya maneno huyameza, na nusu nyingine huziachia mashine ziyaseme. Shuleni hali haikuwa njema zaidi. Mwalimu alinena muda mrefu nisipate hata neno moja la kujishikiza, mpaka alipogeuka akachora ubaoni mistari miwili ya wima, na katikati yake mistari ya kukingama yenye alama za swichi na koili. Hapo nikafahamu yote aliyokuwa akiyasema tangu asubuhi, kwa kuwa ule ulikuwa mchoro wa ngazi, na michoro ya relei, yaani swichi ziendeshwazo na umeme, niliijua tangu nyumbani.

Fadhila hiyo naihesabu kuwa ya Mmarekani Dick Morley. Mwaka 1968, katika siku ambazo kampuni ya General Motors ilikuwa imechoshwa na makabati ya relei yaliyotaka kufungwa nyaya upya kila muundo wa gari ulipobadilika, Morley na wenzake walibuni kompyuta moja ngumu, yenye kustahimili joto, mtetemeko na uchafu wa kiwanda, wakaiita Modicon 084 kwa kuwa ilikuwa kazi yao ya 84. Na kwa sababu mafundi umeme wa viwanda vya magari walizoea michoro ya relei, kompyuta ile ndiyo iliyofundishwa kuisoma michoro yao, badala ya wao kufundishwa lugha yake. Uzao wa kompyuta hiyo, ambao mafundi wa dunia nzima huuita PLC, umo leo katika viwanda vya saruji, vya maji, vya sukari na vya mikate. Sijui kama Morley alipata kuwaza kwamba rehema aliyowafanyia mafundi wa Marekani ingemsitiri kijana wa Ngamiani mbele ya mwalimu wa Kijerumani, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mji nilioangukia huitwa Bielefeld. Uko kaskazini-magharibi mwa Ujerumani, penye vilima vya Teutoburg, nao una watu zaidi ya 300,000, ngome ya kale juu ya kilima, chuo kikuu, na viwanda vingi. Pamoja na hayo yote Wajerumani wana dhihaka mashuhuri kwamba mji huo haupo. Dhihaka hiyo ilianzishwa 1994 na Achim Held, mwanafunzi wa kompyuta mjini Kiel, na hoja yake hukamilishwa kwa maswali matatu: je, unamjua mtu yeyote atokaye Bielefeld? Je, umepata kufika Bielefeld? Je, unamjua mtu aliyepata kufika? Ajibuye la mara tatu huambiwa kuwa basi mji haupo, na ajibuye naam huambiwa kuwa naye yumo katika njama. Mwaka 2012 hata Angela Merkel, aliyekuwa Kansela, alipokuwa akitaja mkutano alioufanya mjini humo, alitia neno la shaka kama mji wenyewe upo. Mwaka 2019 wakuu wa mji wakatangaza zawadi ya euro 1,000,000 kwa yeyote atakayeleta ushahidi usiopingika wa kwamba Bielefeld haipo. Ushahidi ukamiminika, hapana ulioshinda, na jiwe la ukumbusho likasimamishwa mjini ili kuizika dhihaka ile. Haikuzikika. Nilipokuwa katika treni nikienda huko mara ya kwanza, abiria mmoja aliniuliza safari yangu, nami nikamtajia. Akacheka peke yake mpaka Kassel, asinieleze anachokicheka, nami nikabaki nikijikagua nguo.

Hata hivyo ziko nyoyo ambazo hazina shaka. Karibu na nilipopanga chumba alikuwako bibi mmoja mkongwe, mkazi wa mtaa wa Bethel, ambao una uhusiano wa kale na kwetu, maana wamisionari wa Bethel walifanya kazi katika milima ya Usambara, na hospitali ya wagonjwa wa akili ya Lutindi, wilayani Korogwe, ni katika athari zao. Nilipomwambia nitokako, bibi yule alifumba macho akanitajia Tanga, Muheza, Korogwe, Mombo, kwa utaratibu ule ule wa stesheni za reli, kisha akaniuliza kama Lushoto bado kuna baridi. Kwake yeye Tanga ilikuwapo bila wasiwasi wowote. Wenyeji wenzake ndio waliokuwa wakiitilia shaka Bielefeld.

Kuwapo kwangu mimi, kwa upande mwingine, kulikuwa na dosari za karatasi. Sheria ya huko yamtaka kila ahamiaye katika nyumba ajiandikishe katika muda wa majuma mawili, na asijiandikishe kwa mdomo mtupu, bali kwa barua ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba wangu, mtu mwema lakini mwenye hadhari, alisema hatoi barua mpaka aone hesabu yangu ya benki. Benki ikasema haifungui hesabu mpaka ione cheti cha makazi. Na cheti cha makazi, ofisini, kikawa kinangoja barua ya mwenye nyumba. Nikatoka pale ofisini nikicheka, na karani akanitazama kwa huruma akidhani nimerukwa na akili, ilhali nilikuwa nimeitambua ila hiyo papo hapo: ni ile ya relei mbili zilizofungwa kimakosa, kila moja ikingoja mwenzake ashike kwanza. Dawa yake ni moja tu, nayo ni mtu kuisukuma relei moja kwa kidole. Kidole hicho kilikuwa cha msimamizi wetu wa kiwandani, aliyempigia simu mwenye nyumba, akasema maneno ambayo sidhani kama yalizidi manne, na mambo yakafunguka.

Yanipasa nimweleze msimamizi huyo, kwa kuwa atarudi katika hadithi. Alikuwa mzee wa umri wa kukaribia kustaafu, mnyamavu kwa tabia, aliyeziamini ala za kupimia kuliko ndimi za watu, na aliyekuwa na mazoea ya kutia sahihi karatasi zote za juma kila Ijumaa mchana, moja baada ya moja, huku akinywa kahawa na kutazama dirishani. Heshima yangu kwake haina kifani. Ndiye aliyenifundisha kwamba fundi mgeni asiulize mtambo una nini, bali aulize jana ulikuwa na nini.

Sasa nije kwenye fulana. Katika kiwanda chetu kila mtu huvaa juu ya nguo zake fulana ya rangi kali, yenye mikanda ya kung'aa, ili madereva wa magari ya kunyanyulia mizigo wamwone kwa mbali. Na katika kiwanda hicho hicho kuna macho ya namna ambayo hutoa mwale wa nuru, ukavuka mkanda, ukapiga kioo kidogo upande wa pili na kurejea. Mwale ukirejea, jicho hushuhudia kwamba njia i wazi. Mwale ukikatika, hushuhudia kwamba kuna kreti. Ushahidi huu ni mwepesi, na kwa mikate hautoshi kumdhulumu mtu. Siku moja jicho mojawapo lilishutumiwa kuwa hupotoa hesabu, na baada ya mkanda kuzimwa na kila mmoja wetu kutia kufuli lake katika swichi kuu kama ipasavyo, nilitumwa nikasimame baina ya jicho na kioo, ili nilikate mwale, na msimamizi asome katika kompyuta kama limeniona.

Nikasimama. Kutoka upande wa kompyuta sauti ikaniuliza niko wapi. Nikajibu niko mbele ya jicho. Ikapita nafasi ya kimya, kisha sauti ikasema kwamba jicho halioni mtu. Nikasogea, nikajitanua kifua, nikanyosha mikono; sauti ikarudia yale yale, safari hii kwa ukali kidogo, ikinihimiza niende nilikotumwa. Mwisho mzee akainuka, akaja mpaka pembeni mwa mkanda, akanitazama mimi niliyesimama wazi mchana kweupe, akageuka akakitazama kioo cha kompyuta kilichoandika kwamba njia i tupu, akanitazama tena, nami nikamwona dhahiri akilini mwake anapima mashahidi wawili. Na nasikitika kusema kwamba alielekea kukiamini kioo cha kompyuta. Mkanda wa kung'aa wa fulana yangu, uliokuwa umekaa sawasawa na kimo cha jicho, ulikuwa ukiurejesha mwale kwa uaminifu ule ule wa kioo cha upande wa pili, na kwa hiyo jicho, kwa haki yake, lilikuwa likishuhudia kwamba mimi sipo. Vazi nililovishwa ili nionekane ndilo lililonifuta.

Nikiwa mwanagenzi niliwajibika kuandika katika daftari la taarifa kila nilichokifanya juma zima, na juma lile niliandika, baada ya habari za kubadili kebo na kupima mota, sentensi moja iliyo sahihi kwa kila hali: kwamba siku ya Jumatano nilithibitika, kwa kipimo cha mtambo na mbele ya msimamizi, kuwa sipo. Ijumaa mchana mzee akanywa kahawa yake, akatazama dirishani, akatia sahihi na tarehe. Kwa hiyo nina waraka halali.

Kama balaa ingekuwa hiyo peke yake ningenyamaza, lakini pana na lango. Kiwanda cha chakula hakimruhusu mtu kuingia mpaka anawe mikono na kuitia dawa, na ili pasiwe na mjanja wa kuikwepa sheria hii, lango lenyewe limefungwa, halifunguki mpaka jicho la kifaa cha dawa lishuhudie kwamba mikono imetiwa chini yake. Jicho hili si la namna ya lile la kwanza. Halina kioo upande wa pili. Hutoa nuru yake na kungoja irejeshwe na mkono wenyewe, na hao waliolirekebisha walilirekebisha kwa mikono yao, ambayo ni myeupe na hurejesha nuru nyingi. Nikatia mikono yangu. Kimya. Nikaigeuza viganja juu, nikaigeuza viganja chini, nikaisogeza, nikaitikisa, na nyuma yangu foleni ya zamu ya asubuhi ikirefuka, kila mtu akiwa na adabu ya kutazama dari. Mama mmoja wa Kipolandi, mfanyakazi wa idara ya kufungashia, aliona taabu yangu, akapitisha mkono wake begani mwangu, akauweka chini ya jicho. Dawa ikamiminika juu ya mikono yetu yote mitatu, lango likalia, likafunguka. Tukaendelea hivyo kwa muda, nikiingia kazini kwa mkono wa mwenzangu, na asubuhi aliyochelewa nami nilichelewa.

Tazama basi hali yangu. Jicho moja lilinikana kwa sababu narejesha nuru kupita kiasi, na jicho la pili likanikana kwa sababu narejesha nuru kidogo. Na yote mawili yalikuwa yameandikiwa katika vitabu vyake kuwa ni mazima. Fundi aliyeletwa na wauzaji wa kifaa kulitengeneza lile la pili alikizungusha kiparafujo chake cha unyetivu kwa ukarimu uliopita mpaka, likawa sasa lamwona kila mtu, hata apitaye kwa mbali na shughuli zake, likimrushia dawa. Lilimrushia mkaguzi wa afya, likairushia tai ya mkurugenzi, na nadhani hiyo tai ndiyo iliyofanya kazi ile ikabidhiwe kwangu upesi. Nililifungua, nikaweka mkono wangu, nikaweka na wa yule mama, nikakirudisha kiparafujo kwa bisibisi ndogo nukta kwa nukta mpaka tukaonekana sote wawili na tai ikasalimika.

Hapo ndipo nilipomkumbuka al-Jazari, yule mhandisi wa Diyarbakir aliyekamilisha mwaka 1206 kitabu chake cha vyombo vya hila, ambaye miongoni mwa aliyoyaunda ni chombo cha kummiminia maji ya udhu sultani wake, bila mtumishi kukishika. Chombo kile kiliendeshwa kwa maji, maboya na mizani. Hakikuwa na jicho, na kwa hiyo hakikujali rangi ya mkono uliokuja kunawa. Nilimweleza habari hii mwalimu wetu shuleni, aliyekuwa ametuambia kwamba mitambo ya kujiendesha ilizaliwa Ulaya pamoja na mvuke. Akaenda akaitafuta michoro, akairudisha darasani siku ya pili, na tangu hapo akawa akiniita nisimame kila ilipotajwa karne yoyote iliyotangulia ya kumi na nane, jambo ambalo lilinipa izara kubwa kuliko ujinga.

Katika mambo yote ya kazi hii liko moja lililonipinda akili zaidi ya lugha na baridi, nalo ni maana ya kunyamaza. Kwetu, mwali akiendewa na walii wake akaulizwa kama yu radhi kuolewa na fulani, naye akanyamaza, ukimya wake huhesabiwa kuwa ni ridhaa, na harusi ikapigwa. Mtambo ukifuata sheria hiyo utaua mtu. Swichi ya kusimamishia, ile nyekundu ya uyoga juu ya msingi wa manjano, haipeleki umeme inapobonyezwa, bali huukata. Muda wote mambo yakiwa salama waya wake una volti 24, ukisema bila kuchoka kwamba yote ni heri, na panya akiukata, au skrubu ikilegea, umeme hukoma, na mtambo hauhesabu kimya hicho kuwa ridhaa bali huhesabu kuwa ni kilio, ukasimama. Vivyo hivyo kipimo cha joto la tanuri hupeleka habari zake kwa mkondo wa umeme wa miliampia 4 mpaka 20. Tanuri ikiwa baridi kabisa hakipeleki sifuri. Hupeleka 4, kwa maana ya kwamba sina joto la kuarifu, lakini nipo. Sifuri haina maana nyingine ila waya umekatika au mjumbe amekufa. Nilipomfahamisha mama yangu jambo hili katika simu, baada ya kunilaumu kwa juma zima nililokaa bila kumpigia kwa kuwa sikuwa na habari mpya, aliniambia kwamba hao waliounda kipimo hicho wana akili, na kwamba yeye hakuhitaji kwenda Ujerumani ili ayajue hayo. Tangu siku hiyo nampigia kila Ijumaa, niwe na neno nisiwe nalo.

Mitihani ikafika. Sehemu yake ya mwisho ni mazungumzo na watahini juu ya kazi aliyoifanya mwanagenzi kiwandani, na daftari la taarifa huwa limewekwa mezani mbele yao, ambalo, kwa uzoefu wa watu wote, halisomwi. Mtahini mmoja alilisoma. Akafika Jumatano ile, akavua miwani, akaivaa tena, akasema, "Hapa umeandika ya kwamba ulithibitika kuwa hupo, na msimamizi wako ametia sahihi. Kazi ya siku hiyo, basi, aliifanya nani?" Wenzake wakanyanyua vichwa. Nikamjibu kwamba aliifanya mtu asiyeonekana na jicho, na kwamba ikiwa wataniruhusu nitawaeleza kwa nini halikumwona. Nikawaeleza habari za fulana. Nikawaeleza jinsi macho ya namna ile yanavyotibiwa kwa kuwekewa kichujio kinachokubali tu nuru iliyogeuzwa mkao wake na kioo chenye vipembe maalumu, na kukataa mng'ao wa mikanda kama ule wa fulana yangu. Nikawaeleza, kwa kuwa waliuliza, na habari za lango, na tai. Walicheka, wakauliza, wakabishana wao kwa wao juu ya pembe za kioo, na muda ukaisha pasina mtu kunigusia vali za hewa, ambazo kwa hakika sikuwa nimezisoma vya kuridhisha. Nikapata cheti. Mzee msimamizi alinipa mkono, akatazama jina langu katika karatasi kwa kitambo, akasema, "Sasa upo." Kwa mtu wa maneno machache kama yeye, hiyo ilikuwa hotuba.

Macho ya mkanda ule yakabadilishwa yote. Lakini kabla hayajafika mapya, ofisi ya usalama ilikuwa imekwisha kutoa amri kwamba fulana zivaliwe kila mahali isipokuwa mbele ya mkanda huo, ikabandika na tangazo. Na tangazo hilo, kwa kuwa hapana aliyeamriwa kulibandua, lipo mpaka leo, na wageni wafikapo hapo huvua fulana zao kwa heshima, bila kuuliza, wakapita, wakazivaa tena.

Baadaye nikapata ruhusa, nikaenda Tanga. Sikuwakuta watu wakiningoja kwa maswali ya nuru na vichujio. Mjomba alinichukua moja kwa moja mpaka kwenye tangi lake la maji, ambalo pampu yake haikuwa ikizima, maji yakifurika mpaka kwa jirani na kuleta uhasama; nikapanda, nikakuta boya limenasa kwenye ukuta wa tangi, nikalinasua kwa mkono. Mjomba alisononeka, kwa sababu alikuwa amewaalika watu watatu waje kumwona fundi wa Ujerumani akifanya kazi, nao hawakuwa hata wamemaliza kuketi. Nilijaribu kuwaambia kwamba boya lile ni la ukoo mmoja na maboya ya al-Jazari, nao wakakubali kwa upole, kisha wakauliza wale watu wa chuma nimewaacha na nani.

Habari zilipoenea, uwanja wa mama ukajaa feni, pasi, redio na blenda, navyo vikaletwa kwa baiskeli, kama ilivyo ada ya Tanga, kila mwenye chombo akinisimulia ugonjwa wake kwa kirefu. Nilivipima kimoja kimoja kwa kipimo nilichokuja nacho. Vichache vilikuwa na fyuzi zilizoungua, pasi moja ilikuwa na waya uliotafunwa, na vingine vyote vilikuwa na siha kamili: siku vilipokataa kuwaka, umeme wa mtaa ulikuwa umekatika, na wenyewe hawakungoja urudi. Nitakuja tena mwezi wa Rajabu, inshallah. Mwenye feni na aje nayo, sitatoza kitu. Ila namwomba, kabla hajaifunga kwenye baiskeli, aangalie kwanza kama umeme upo.